Wati za Akiba

Spika nilizinunua duka la hisani, Swansea,
pauni thelathini jozi, mbao zake rangi ya chai kavu,
nikazipandisha moja moja mlima wa Townhill
na mvua ya huko, isiyoshuka bali inapita ubavuni.
Nyuma ya kila moja kibandiko: omu nane, wati themanini.
Amplifaya nilikuwa nayo, ya wati kumi na tano,
niliachiwa na mtu aliyehamia Leeds.
Nikajiambia, hapa hapaungui kitu.
Mdogo atamuumizaje mkubwa?

Jumamosi ya akika ya Rumaisa
sebule ya mita tatu kwa nne ilibeba watu ishirini na sita,
viatu vikajaa hadi ngazini.
Mtu akasema, Ongeza.
Nikaongeza.
Wakapaza sauti juu ya muziki, nami nikapaza muziki juu yao,
hadi kitufe kikagota
na fidla ikakwaruza kama kijiko kwenye ukoko.
Hakuna aliyesikia spika ilipokufa.
Kesho yake ndipo Zuwena akauliza
mbona mwimbaji amepoteza herufi S.

Trefor Beynon, mstaafu wa kiwanda cha chuma,
aliifungua juu ya meza ya jikoni, paka akisimamia kazi.
Akanisogezea koili ndogo kama ukucha,
nyeusi, inanuka nywele zilizoungua.
“Umeiua kwa udhaifu,” akasema.
Nilidhani Kiingereza changu kimeteleza.
Akachora wimbi nyuma ya bahasha ya bili ya maji:
kilima, bonde, kilima.
Kisha akaweka rula, akakata vichwa vya vilima
vikabaki bapa.
“Hivi ndivyo inavyolia ikiishiwa.
Kisichoweza kuwa sauti huwa moto.”

Akaniuliza, siku za kawaida mnasikiliza wati ngapi?
Kumi na tano, nikasema.
Alicheka hadi paka akashuka.
“Moja. Pengine nusu.
Zilizobaki ni za pale ngoma inapoanguka ghafla.”
Nikamwambia kwetu hizo zilizobaki zina jina: akiba.
Na kwamba haiozi.
Akalitamka vibaya mara mbili, akaliandika kwenye bahasha.

Nilirudi kwa miguu.
Mwezi ule nilikuwa na zamu mbili ghala la vifurushi,
na kila jioni niliingia mlangoni
kitufe kimeshagota.
Bilauri ikianguka, nabweka.
Mtoto akilia, nabweka.
Trefor alikuwa amenifundisha na hili:
ukizidisha wati mara mbili
sikio hupata nyongeza kiduchu tu.
Nilihesabu mara ngapi nimezizidisha
mbele ya mwanamke aliyekwisha kunisikia mara ya kwanza.

Aliniuzia amplifaya ya wati mia, nzito kama kiroba cha mchele,
kwa sharti moja: nisipite tisa.
Alimaanisha tisa ya uso wa saa.
Mimi hapo husoma saa tatu.
Kidole chake na changu viligusa alama ileile.

Zuwena, ambaye kwao mizani hupimwa kwa vidole,
aliandika karatasi, akaigandisha juu ya kifuniko:

*Usianze kuzungusha, soma namba za mgongo,*
*Omu nne huichosha, nane haina msongo,*
*Wati haba hukatisha, wimbi juu ya kiwango,*
*Akiba itatutosha, pasi kuvunja mlango.*

Nikamuuliza, huu mlango ni wa spika au wangu?
Akaenda kuchemsha maji.

Sasa ni usiku, zamu moja nimeirudisha,
Rumaisa amelala kifudifudi kwenye zulia.
Kitufe hakijafika hata saa mbili.
Spika ina koili mpya, herufi S imerudi,
na kabla ya neno la kwanza
mwimbaji anavuta pumzi.

Kanda hii nimekuwa nayo miaka tisa.
Sikuwahi kujua kwamba anapumua.